Sahani za Bimdogo

Ijumaa, 30 Mei 1975

Leo ni miaka miwili na miezi mitatu tangu niondoke Bujumbura. Nimekaa kivulini nyuma ya hema, njia ya Ibra kwenda Bidiya, bara ya Maskati, mikono imevimba, na kalamu naishika kama mtarimbo. Shule niliishia darasa la nne. Anayetaka maneno mazuri akasome kwingine.

Kazi yetu ni simu. Tunachimba mashimo, tunasimamisha nguzo, tunapandisha waya, kisha tunasogea mbele tukachimbe tena. Mtu akisikia unafanya kazi ya simu hudhani unavaa tai. Mimi navaa vumbi.

Marehemu baba alizaliwa Ibra akafia Bujumbura, na maisha yake yote alituambia kwetu ni Ibra. Nilipofika huko kwetu, swali la kwanza niliulizwa natoka wapi. Kiarabu changu ni cha salamu na Kurani. Nikitoka hapo natumia mikono.

Juzi alipita mtu kutoka Bujumbura. Ameniletea salamu za mke wangu Fakhriya na habari kwamba binti yetu mkubwa, Shukriya, ameposwa. Ndoa ni Ijumaa ya tarehe 29 Agosti, kabla ya mfungo. Fakhriya anauliza jambo moja tu: nitakuja kumuoza mwenyewe, au ndugu yangu akae mahali pangu? Mtoto nimemlea kwa jasho, halafu siku ya kumtoa, mkono wa mwenye kuoza uwe wa mtu mwingine. Sitaki.

Nimemwendea msimamizi wetu, Bwana Thabit. Ni mtu wa Unguja mjini, baharia wa zamani, miwani yake imefungwa kwa uzi. Kaniambia likizo hakuna mpaka waya ufike Al Mintirib na mkaguzi aukubali. Siku hiyo nitakuwa wa kwanza kuondoka. Nikamuuliza ni lini. Akatazama njia, akasema tukichimba vizuri na tusipogombana na mtu, katikati ya Agosti.

Mtu wa kugombana naye hatujampata bado.

Jumatatu, 2 Juni

Mawe.

Jumanne, 3 Juni

Mawe. Mahrous, mwenzangu wa shimo, mtu wa Pemba, kasema nchi hii hata kivuli chake kina mawe.

Alhamisi, 5 Juni

Kila jioni tukiweka zana chini, Bwana Thabit huunga simu ya majaribio mwisho wa waya na kuzungumza na Ibra, apime kama sauti inapita. Huko Ibra waya umeingizwa sebuleni kwa Bimdogo, maana kituo chenyewe bado ni kuta bila paa. Bimdogo ni mama mtu mzima wa Unguja, mjane, anayetupikia tukirudi mjini siku za Ijumaa. Kazi yake kwenye simu ni kuitikia na kuhesabu moja mpaka kumi.

Leo kagoma. Kasema hakuvuka bahari yote ile ili aje awahesabie watu wazima wenye ndevu. Kama tunataka kupima sauti, anayo santuri yake aliyokuja nayo kutoka Unguja, na sahani zake kazileta zimeviringishwa ndani ya godoro, hata moja haikupasuka njiani. Ila santuri springi imekatika, na tangu afike hajaifungua.

Sahani, kwa asiyejua, ndivyo watu wa Unguja wanavyoziita zile duara nyeusi za nyimbo. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilidhani anazungumzia vyombo.

Bwana Thabit kaacha chai mezani, kapanda gari kwenda Ibra kutengeneza springi.

Jumamosi, 7 Juni

Jioni hii tumesikia muziki katikati ya jangwa.

Bimdogo kauweka mdomo wa simu mbele ya santuri, akaweka sahani. Sisi huku tukapokezana kisikio mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nilisikia udi, kisha fidla, kisha mwanamke anaimba, mdogo kama yuko ndani ya kopo, lakini kila neno linaeleweka. Mtu yuko Ibra, mimi niko huku na mbuzi wa watu, na wimbo unapita juu ya nguzo nilizochimbia mimi. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mashimo yangu yanabeba kitu.

Mahrous kalia. Kasema ni vumbi.

Jumatano, 11 Juni

Joto limetushinda, tumeacha kazi mapema. Bwana Thabit katusimulia kisa.

Mara tu baada ya vita meli yao ilitia nanga bandari moja ya Marekani, upande wenye mvua nyingi. Akaingia mkahawani akaona sanduku linawaka taa, zuri kama mlango wa bwana harusi. Ndani halina sahani hata moja. Unatumbukiza sarafu, na sauti ya mwanamke inatoka humo inakuuliza unataka wimbo gani. Mwenyewe hayumo humo. Yuko mtaa wa mbali, katika chumba kilichojaa sahani toka sakafuni mpaka darini, yeye na wenzake, kila mmoja na visikio vyake, na kila mkahawa una waya wake wa simu unaofika kwao. Unasema wimbo, anaufuata rafuni, anauweka, unakuja kwa waya mpaka mezani kwako. Mashine za kawaida zilikuwa na nyimbo ishirini hivi. Yule mama alikuwa nazo maelfu.

Kasema wanaume wengi walitia sarafu si kwa ajili ya wimbo bali wapate kuulizwa wanataka nini, maana tangu watoke vitani hakuna aliyewauliza. Yeye aliomba wimbo wa Zanzibar. Mwanamke akamuuliza Zanzibar iko mtaa gani.

Mahrous akauliza masanduku hayo yako wapi siku hizi. Bwana Thabit kajibu kwamba yamekwisha. Mashine ikajifunza kubeba sahani nyingi peke yake, na wenye mikahawa wakaona hakuna haja ya kulipia waya na mwanamke. "Mashine haichoki," kasema, "lakini haikuulizi hali."

Ijumaa, 20 Juni

Tumefika mwanzo wa Bidiya. Tende zimeanza kubadilika rangi.

Kuna mgahawa wa kahawa njiapanda, wa kijana mmoja mwenye mke na watoto wawili, Yaarub. Kiswahili hajui hata tone. Bwana Thabit kachukua spika ya redio mbovu, betri ya gari na kasha la chai, kafanya sanduku. Limewekwa ukutani, na mwisho wa waya wetu umeunganishwa humo. Pembeni kuna mkono wa kuzungusha. Ukizungusha, kengele inalia sebuleni kwa Bimdogo, naye anaitikia, "Haya, nani huyo, na anataka nini?" Sarafu haitakiwi. Bwana Thabit kasema hiki ni kipimo cha waya na si biashara, na macho yake yanacheka nyuma ya ule uzi.

Jumanne, 1 Julai

Watu wa mashamba wanakuja baada ya alasiri kusikiliza. Hawaelewi maneno ya nyimbo, lakini wamezijua zote. Wimbo wa tatu wanauita "wa yule anayekohoa", maana kabla ya udi kuna mtu anakohoa.

Tabu ni salamu. Mtu wa Bidiya hawezi kuomba kitu kabla ya kusalimu, kuuliza hali, kuuliza wazee, kuuliza mvua, kuuliza khabari na kuambiwa hakuna khabari, kisha kuanza kuzitoa. Bimdogo Kiarabu anakijua, lakini hii leo kamkatiza mzee mmoja. "Baba yangu, salamu zako ndefu kuliko wimbo. Sema upesi, sindano inanisubiri." Mgahawa mzima ulicheka, na mzee mwenyewe akacheka zaidi, akaanza salamu upya.

Kwa mara ya kwanza tangu nije huku nimeulizwa na mtu wa hapa jina la baba yangu. Nilipolitaja, kasema alimjua babu yake. Nikakaa naye mpaka kahawa ikapoa.

Jumapili, 6 Julai

Mtu wa kugombana naye sasa tumempata.

Anaitwa Sheikh Khalaf. Shamba lake la mitende limeziba njia yote kati ya mgahawa na Al Mintirib. Upande mmoja ni jabali, upande mwingine ni mchanga mtupu. Lazima waya upite ndani yake. Tulikwenda watatu, Bwana Thabit, Mahrous na mimi. Katupokea vizuri mno. Tende mbivu za kwanza, kahawa, tena kahawa, uvumba. Kisha kasema hapana.

Sababu anayo. Mwaka jana wenye barabara walimwahidi watapita pembeni, na aliporudi kutoka msibani akakuta mitende saba ya baba yake imelala chini. Kasema kwa Kiarabu cha polepole, hata mimi nikafahamu, kwamba hatakubali mtu yeyote tena aingie na chuma katika ardhi ile.

Nilitazama mitende, nikaona uso wa Shukriya. Kisha nikamtazama mzee, na nikashindwa kumchukia. Ningekuwa yeye ningesema vilevile.

Jumanne, 8 Julai

Kahawa. Hapana.

Jumapili, 13 Julai

Tumekwenda tena. Wakati Bwana Thabit anabembeleza kwa Kiarabu, Mahrous alikaa karibu yangu akiniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba pua ya mzee huyu imekaa kama mdomo wa birika, anapoinama mtu anatamani kuweka kikombe. Niliuma ulimi nisicheke. Sheikh Khalaf kamtazama Mahrous kwa muda, kamwongeza kahawa, kasema hapana.

Ijumaa, 18 Julai

Huu ni wakati wa tabsili. Mashamba yote yanachemsha tende katika masufuria makubwa ya shaba, moshi kila mahali, wanawake wanaimba, wanaume wanapanda mitende kwa kamba kiunoni, tende zinaanikwa uwanjani kama zulia la manjano. Nimesahau kuchoka kwa saa nzima nikibeba vikapu vya watu nisiowajua, wananilisha tende za moto wakinicheka ninavyoungua vidole.

Jioni Bwana Thabit akaniita pembeni. Kama mzee hatakubali mpaka mwisho wa mwezi, amri imetoka tuuzungushe waya kwa upande wa mchanga. Nguzo mchangani hazisimami bila saruji. Ni kazi ya kufika Novemba.

Nikarudi kwenye vikapu. Tarehe ya ndoa alikuwa anaijua.

Jumapili, 20 Julai

Nimempa dereva mmoja salamu, ampe yeyote anayekwenda Bujumbura, kwamba ndugu yangu ajiweke tayari. Kisha nikamkimbilia kumwambia asizipeleke kwanza.

Jumanne, 22 Julai

Balaa, na nacheka huku naandika.

Unguja, kasema Bimdogo, kila nyumba yenye sahani ilizianika jua la asubuhi, zisishike ukungu. Bila hivyo masika yanazila. Ndivyo alivyofanya mama yake na ndivyo alivyofanya yeye. Basi jana, kwa vile sahani zimetoka godoroni baada ya miaka, kazipanga juu ya mkeka ua wa nyuma, kakunja miguu akachambua mchele.

Jua la asubuhi la Unguja na jua la Julai la Ibra si ndugu. Aliponyanyua macho sahani zote zilikuwa zimejikunja kingo. Imesalimika moja tu, iliyokuwa juu ya santuri ndani.

Bwana Thabit kaingia mbio kutoka barabarani, kamkuta ameketi katikati ya sahani zake. Alidhani analia. Bimdogo akamnyooshea moja. "Tazama mwanangu. Nilikuwa na sahani, leo nina mabakuli." Moja keshaitia vitunguu.

Alhamisi, 24 Julai

Iliyobaki ni ya yule anayekohoa. Tumeisikia jana mara tisa. Leo Yaarub kakohoa kabla ya mwimbaji, watu wote wakakohoa pamoja naye.

Ijumaa, 25 Julai

Siku hii naiandika yote.

Baada ya sala ya Ijumaa Bwana Thabit alikuwa Ibra kufuata misumari, Mahrous na mimi tulikuwa nyuma huko tukinyoosha nguzo iliyolala. Mgahawani hakuwapo hata mmoja wa kutafsiri. Bimdogo akapiga kengele mwenyewe, akasema ndani ya sanduku, kwa Kiswahili akidhani tumo, kwamba amebakiwa na sahani moja, na kama kuna mtu Bidiya ana sahani nyumbani, nzima, isiyopasuka, amwazime, atairudisha.

Yaarub alishika neno moja tu. Sahani kwa Kiarabu chao ni karibu lilelile, na maana yake ni ya kulia chakula. Akaona mambo yamekuwa makubwa. Yule mama wa waya, anayewaimbisha tangu mwezi wa sita bila kuwaomba hata maji, amefikiwa na wageni nyumbani kwake na hana vyombo. Akafunga mgahawa. Akakimbia shamba kwa shamba katikati ya moshi wa tabsili akitangaza kwamba mama wa waya anaomba sahani.

Na desturi ya huku ni kama ya kwetu, sahani haiendi kwa mtu tupu.

Tulipofika njiapanda baada ya alasiri sikuamini. Mikeka imetandikwa mpaka barabarani. Sahani na masinia, za bati, za udongo, moja ya fedha kabisa. Harisa, ngano iliyopondwa na nyama, imemwagiwa samli. Wali na papa mkavu. Asali. Mkate mwembamba umekunjwa kama leso. Tende za moto bado zinatoa mvuke. Mzee wa salamu ndefu kaleta mbuzi mzima aliyechomwa, kwa sababu anamhesabu Bimdogo ni mtu wake. Watu wanauliza gari liko wapi, chakula kisipoe kabla ya Ibra.

Mahrous akamuuliza Yaarub kuna nini. Yaarub akaeleza. Mahrous akakaa chini barabarani, akajishika mbavu, hakuweza hata kunifasiria. Ikabidi Bwana Thabit, aliyekuwa ndiyo anashuka garini, asikie, aelewe, avue miwani aifute, na aanze kuwaeleza watu kwa upole sahani gani iliyoombwa. Wakatazamana. Mmoja akasema kwamba hata hivyo chakula kimeshapikwa.

Hapo ndipo alipokuja Sheikh Khalaf.

Hajawahi kukanyaga mgahawani tangu sanduku liwekwe. Alikuja peke yake, polepole, na kwapani alikuwa na kitu kimefungwa kwa kanga iliyopauka. Watu wakampisha. Akachuchumaa mkekani kati ya harisa na wali, akafungua kanga. Ilikuwa sahani. Nyeusi, nzima, haina hata mkwaruzo.

"Aliomba sahani," kasema kwa Kiswahili. "Nimeleta sahani."

Kiswahili safi, cha Tabora, kama cha watu wa kwetu Bujumbura. Naye akageuka kwa Mahrous, ambaye kicheko kilikuwa kimeshamkauka mdomoni.

"Na wewe uliyesema pua yangu mdomo wa birika, ipokee kwa mikono miwili."

Mahrous kaipokea kwa mikono miwili, kichwa chini, kasema, "Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba. Na ule mzaha wa kikombe ulikuwa mzuri."

Nikamuuliza Yaarub kwa ishara na Kiarabu changu cha vipande kama walijua. Kajibu kwamba kila mtu anajua mzee alikaa Afrika miaka ishirini na kitu akiuza duka. Sisi ndio hatukuuliza.

Mzee katueleza kwa maneno machache. Tabora palipita mtu na mashine ya kunasa sauti, akanasa kundi la kinamama wa nyimbo za harusi. Mkewe, Aliya, alikuwa katika waitikiaji. Aliya amezikwa huko. Yeye akarudi Bidiya na sahani moja, hana santuri, na hajaisikia tangu hapo. Kiswahili, kasema, alikiacha na aliyekuwa akimjibu. Jioni zote hizi alikuwa akikaa nyuma ya ukuta wa shamba lake, upepo ukimletea nyimbo za Bimdogo nusunusu, na leo ukamletea ombi lake lenyewe.

Bwana Thabit akamwambia sahani itapelekwa Ibra kesho, na jioni aje aisikilize hapa. Sheikh Khalaf akatazama watu, mikeka, mbuzi.

"Si hapa," kasema. "Mke wangu simsikilizi mgahawani. Huo waya wenu, hauwezi kufika uani kwangu?"

Bwana Thabit naye akajibu taratibu, kama mtu anayeshika yai, kwamba unaweza, lakini hauna njia nyingine ila kupita shambani.

Mzee aliifunga tena ile kanga, ncha kwa ncha. Kisha kasema, "Upite. Lakini mahali pa shimo naonyesha mimi."

Nikala harisa mpaka nikashindwa kunyanyuka.

Jumamosi, 26 Julai

Nimeipeleka sahani Ibra mimi mwenyewe, alfajiri kabla ya jua, mapajani, imezungushiwa kitambaa kibichi. Kila shimo la njia nilimwomba dereva apunguze mwendo. Njia nzima nilikuwa na masinia ya watu miguuni. Bimdogo aliposikia kisa chote alijifunika uso kwa mtandio akacheka mpaka jirani akaja kuuliza. Kisha akaona aibu. Sahani za watu hazirudi tupu, kasema, akaanza kukanda unga wa kaimati hapohapo.

Jumatano, 30 Julai

Kila shimo Sheikh Khalaf amelichagua kwa fimbo yake, na hakuna mtende hata mmoja ulioguswa. Nguzo moja tumeihamisha mara tatu kwa sababu ya kisiki cha mtende ambao anasema utachipua. Wachumaji wameshuka mitini kutusaidia kuchimba. Udongo wa shambani ni laini, tangu Machi sijachimba udongo laini. Nilitaka kulala ndani ya shimo.

Ijumaa, 1 Agosti

Tumelipeleka sanduku uani kwa Sheikh Khalaf, tukalitundika kwenye nguzo ya kibanda cha kahawa. Tulikuwa tumesimama kuondoka, katuambia tukae. Akazungusha mkono mwenyewe.

Bimdogo kaitikia kama kawaida yake, nani huyo na anataka nini. Mzee akasogeza mdomo karibu na sanduku. Kisha kasema ni Khalaf, na anataka wimbo wake.

Ni wimbo wa kumtoa bibi harusi. Mmoja anaongoza, wengine wanaitikia. Na katika kuitikia, kila mara, kuna sauti moja inayotangulia wenzake, inaingia kabla ya zamu, kama mtu asiyeweza kungoja. Mara ya kwanza nilidhani ni kasoro ya waya. Mara ya pili Sheikh Khalaf alitabasamu kabla haijaingia, nikajua.

Ulipokwisha, Bimdogo kauliza kwenye waya, hajui kitu, "Nani huyo anayewahi?"

"Ni mama wa nyumba yangu," mzee kasema. "Hata chakula alikuwa akiwahi."

"Haya basi," kasema Bimdogo. "Niuweke tena?"

Kauweka mara nne. Mimi nilifikiri Shukriya na siku atakayotolewa, na kwamba kina mama wa kwetu nao wana mmoja anayewahi. Ni Fakhriya.

Jumapili, 10 Agosti

Nguzo ya mwisho, Al Mintirib. Mahrous kaibusu, kaungua midomo.

Jumamosi, 16 Agosti

Mkaguzi kaja kutoka Maskati na mashine ya mishale. Kapima, kaandika. Mwisho akataka kusikia sauti ya mtu kutoka Ibra. Bwana Thabit akazungusha, na kabla hajasema neno Bimdogo akaweka wimbo. Mkaguzi kasikiliza, kagonga kidole mezani, kasema waya umekubalika. Kisha kauliza wimbo huo ni wa wapi, na kwa nini mmoja anawahi. Sheikh Khalaf alikuwapo. Akamkaribisha kahawa amweleze.

Bwana Thabit kasema sebuleni kwa Bimdogo waya utatolewa kituo kikifunguliwa, amri ni amri. Kisha akasema paa la kituo hicho, kwa ajuavyo yeye mafundi, haliezekwi mwaka huu.

Alhamisi, 21 Agosti. Ibra

Nimefunga mzigo. Sheikh Khalaf kaniletea kapu la tende za tabsili za harusi, kanishika bega, kaniambia kwa Kiswahili nimsikilize mke wangu anapoitikia wimbo wa kumtoa mwanangu. Bimdogo ananiagiza sahani, zozote, hata zenye mikwaruzo, na kaniapisha nisizianike. Mahrous anataka za wanaume, maana kachoka kulizwa na wanawake.

Naondoka na gari la alfajiri kwenda Maskati, kisha ndege mbili. Mungu akipenda Jumatatu tarehe 25 nitakuwa Bujumbura, na Ijumaa mkono utakaomuoza Shukriya utakuwa huu wenye malengelenge. Huku Bidiya wanitarajie baada ya Idi, nikirudi na Fakhriya. Nimemwambia Yaarub atuwekee sahani tayari. Hakuniuliza za aina gani. Kasema zote mbili.